Makka ya Kurudi Adhuhuri

Nilimpandisha bibi yangu treni ya kuporomoka, naye alikuwa amekuja kuiona Makka. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jingine nitajipendekeza, na tutakapofika hapo mtakuwa mmeshanizoea, mseme, ah, mtoto mwenyewe mcheshi, msameheni. Ngojeni kwanza.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa nne na nusu asubuhi, hapa hapa Malindi, katika chumba ambacho zamani kiliuza aiskrimu ya Wataliano. Wataliano walipopungua, aiskrimu nayo ikafungasha. Chumba kikakaa tupu hata popo wakakizoea, ndipo akaja kijana mmoja wa bara na viti viwili vya kuzunguka, feni moja, na ile miwani ambayo ukiivaa unaingia ndani ya picha. Si miwani ya kusomea. Ni kama kasha la viatu limefungwa usoni kwa mkanda. Ukigeuka kushoto, picha iko kushoto. Ukitazama juu, kuna mbingu. Ukitazama chini, huna miguu. Watu wazima walitoka mle wakishika ukuta, na kuta zilikuwa bado zinanuka vanila.

Mlangoni alibandika orodha ya mahali unapoweza kwenda: kwa papa wa baharini, kwa mijusi mikubwa ya kale, treni ya kuporomoka, ile inayopandishwa juu kisha ikaachiwa, nyumba ya mashetani, Yerusalemu, Makka. Kwa mpango huo huo, mashetani jirani na Yerusalemu. Nilimwambia atenganishe, asije akagombana na dini mbili kwa mpigo. Akacheka, tukajuana. Baada ya wiki mbili nilikuwa naijua rimoti yake kuliko yeye, na wateja walipokuwa wachache aliniacha niingie kwa papa bure, ili wapita njia wanione nikipiga mikono hewani na wao watake.

Niko kidato cha tatu. Mwalimu wa darasa aliandika kwenye ripoti yangu kwamba akili ninayo ila naichekea. Mama alipoisoma hakunigombeza. Aliikunja, akaitia chini ya godoro lake, akanitazama. Mama za wenzangu hupiga kelele zikaisha. Mamangu hutazama, na kutazama hakuishi. Sababu ya kutazama kule sikuijua mpaka yalipotokea mambo haya.

Bibi, mama yake mama, tunakaa naye nyumba moja. Tangu nizaliwe huniita mume wangu, nami humwita mke wangu, kama ilivyo kwetu baina ya bibi na mjukuu. Utani wetu haukuwa na mipaka. Nimewahi kumfichia meno yake ya bandia ndani ya bakuli la sukari. Yeye amewahi kuwaambia wanawake sita waliokuja arusini kwamba mume huyu kazi yake kula na kulala, mahari hajatoa, na usiku anakojoa. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwa nakojoa. Wanawake wale mpaka leo wakiniona huniuliza godoro limekauka.

Sasa, macho yake. Ana presha ya macho. Jicho la kulia lilizima mwaka juzi. La kushoto likawa linajikunja kutoka pembeni kuja katikati, hata akasema anaiona dunia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Daktari alimwambia mama bila ya kuficha kwamba matone yanachelewesha tu, hayarudishi, na hilo lililobaki nalo litafunga, labda kwa miezi, labda chini ya hapo. Bibi hakulia. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, basi nataka niione Makka kabla halijafunga.

Makka yenyewe isingewezekana, na yeye alijua kabla yetu. Magoti hayakubali, na uwezo hatuna. Kila mwaka siku za hija huenda kwa jirani kuangalia kwenye televisheni, lakini kwa lile tundu lake alikuwa anatoka na malalamiko. "Watu malaki wanazunguka," alisema, "mimi naona kwapa la mtu mmoja."

Hapo ndipo nilipojitia kati. Nikamweleza miwani. Nikamwambia mle ndani picha haikai kwenye kioo, inakuzunguka. Kwa jicho lako hilo utageuza kichwa kidogo kidogo, uione kipande, ukiweke, uende kipande kingine, mpaka uimalize yote. Nikamfundisha kwa kutumia kabati la vyombo: anzia juu, shuka, rudi, sogea. Akageuza kichwa polepole akilisoma kabati kama ukurasa. Akasema, kumbe hata ile birika ipo, nilidhani imevunjika zamani. Nikamwambia, "Mke wangu, Jumamosi nakupeleka Makka." Aliniuliza mara tatu kama nina hakika.

Alhamisi baada ya alasiri akajitanda leso akatoka. Nikamfuata nijue aendako, maana peke yake hujikwaa. Akaingia nyumba ya kwanza, akasalimu, akasimama ukumbini, akasema, "Nimekuja kutaka radhi. Nasafiri."

Kwetu mtu haendi hija hivi hivi. Huaga kwanza. Hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi kwa anayoyajua na asiyoyajua, maana hakuna anayekwenda mbele ya Nyumba ile na kinyongo cha watu mgongoni. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba bibi angelifanya kwa ajili ya chumba cha aiskrimu.

Mwenye nyumba alikuwa anachambua mchele. Akauliza safari ya wapi. Makka. Akaacha mchele. Lini? Keshokutwa, saa nne. Akamwomba Mungu aikubali, akafuta machozi kwa pembe ya leso, akauliza anarudi lini.

"Adhuhuri, inshallah," bibi akasema.

Nilikwenda nikasimama nyuma ya mlango nikiuma kola ya shati. Yule mama alikuwa bado anahesabu saa kwa vidole. Ndege gani hii?

Njiani nilimwambia, bibi, utanivunja mbavu, ile ni picha. Akasimama. "Najua ni picha. Mimi si mpumbavu, macho ndiyo yamekufa. Lakini mtu haendi hata kwenye picha ya Nyumba ile na vumbi la watu moyoni."

Basi akazipita zote. Alimwomba radhi muuza mkaa. Alimwomba imamu, ambaye alifikiri kidogo kisha akasema nia ni jambo kubwa. Akaenda hata kwa jirani wa nyuma, ambaye hawakusemeshana miaka tisa kwa ajili ya mbuzi. Mimi utoto wangu wote nilidhani ni mbuzi wa nyama, nikawa naona haki, mbuzi ni mali. Kumbe ni mbuzi ya kukunia nazi. Bibi aliiazimisha, ikarudi meno yamelala, kila mmoja akasema la kusema. Siku ile walisimama mlangoni, wazee wawili, mmoja haoni vizuri na mwingine hasikii vizuri, wakawa wanapeana radhi kwa sauti ya juu mtaa mzima ukasikia. Yule jirani akamwambia, ukifika niombee binti yangu apate mtoto. Na wengine wakaona kumbe inafaa, wakaanza kumpa maombi: mguu wa huyu, kesi ya shamba ya yule, mtoto wa mwingine aliye Uarabuni asiyepiga simu. Bibi aliyakariri yote. Nilimsikia usiku akiyarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Mimi pia aliniomba. Radhi ya miko yote aliyonipiga nayo. Nikamwambia nitalifikiria, alete mahamri kwanza. Akacheka, akaleta mahamri.

Mtu mmoja tu hakumwomba, na niliona, na sikuuliza. Mama alikuwa ukumbini akishona, bibi akampita akienda, akampita akirudi.

Jumamosi akavaa nguo nyeupe, akatia udhu, akajifukiza udi. Nikamwambia asisahau chupa ya zamzam, akanipiga kofi la mgongo. Tukapanda tuktuk. Kufika, akavua viatu mlangoni, akaviweka visigino ukutani na vidole kuelekea nje, kama afanyavyo msikitini. Kijana wa bara akamwambia, "Karibu sana shosho." Bibi akaninong'oneza, shosho ndiye nani. Nikamwambia ndiye wewe, kwao ni bibi. Akasema, basi nishakuwa na majina mengi kabla ya kufika.

Kijana akamketisha, akamfunga mkanda juu ya mtandio kwa adabu. Kisha akanipa rimoti. Alikuwa anataka chai ya duka la pili. "Muwekee Makka," akaniambia, akatoka.

Nami nikabonyeza treni.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini, na jibu ni kwamba nilikuwa nafikiri dakika moja. Dakika moja ya treni, apige ukelele, anitukane, nimrekodi kwa simu, kisha nimwekee Makka yake tucheke. Ulikuwa utani ule ule wa meno ndani ya sukari.

Hakupiga ukelele. Treni ilipoanza kupanda, aliweka viganja juu ya magoti. Midomo ikaanza kwenda. Ilipoporomoka mara ya kwanza mwili wote ulirudi nyuma, vidole vya miguu vikashika sakafu, lakini midomo haikusimama. Mkono ukawa unapapasa hewani. Nikampa wangu. Aliushika kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Mimi huku nacheka, simu inatikisika, na muziki wa chumbani uko juu sijui asemalo. Akazungushwa, akapinduliwa, akashushwa shimoni, mzee wa watu kakaa wima kama yuko kwenye kiti cha ndege. Kisha akasema, kwa utulivu kabisa:

"Mume wangu, tumefika?"

"Bado, mke wangu," nikamwambia. "Rubani anatafuta njia."

Nikabonyeza nimtolee Makka. Kile kiduara cha kungojea kikazunguka. Kikazunguka. Miwani ikazima.

Ilikuwa betri. Usiku stima zilipotea mtaa ule, kijana hakuchaji, na asubuhi yote watoto walikuwa kwa papa. Aliporudi na chai akashika kichwa, akasema shosho anisamehe, anipe saa moja tu iingie chaji kidogo. Bibi alikuwa bado amekaa na kasha usoni, gizani. Hakuna aliyemvua. Akauliza mbona kiza. Kijana alikuwa anatafuta waya wa chaji. Akasema, "Basi." Akafungua mkanda mwenyewe. Miwani ilimwachia alama nyekundu kuyazunguka macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

Hakukubali kungoja. Alisema amewaambia watu adhuhuri.

Ndani ya tuktuk nilikuwa nangoja anitukane. Angeanza tu, mimi ningekiri, na ingekuwa hadithi ya kusimuliwa arusini. Hakuanza. Alikuwa anatazama mbele, yaani ameuelekeza uso mbele. Tulipopita soko akasema, "Nimerudishwa njiani. Hata picha, mume wangu. Hata picha nimekataliwa."

Mdomo niliufungua. Maneno yalikuwa pale, mepesi, matano au sita. Nikasema, "Tutajaribu tena, bibi." Nilimwita bibi. Sijui kama alilisikia hilo.

Nyumbani walikuwa wanamngoja. Sikuwa nimelitarajia. Wanawake watano sita ukumbini, na jirani wa mbuzi amekuja na kahawa na sinia ya halua, maana anayerudi Makka hulakiwa. Bibi akakaa. Akawaeleza kwamba hakufika. Alipanda, wakaenda mbali sana, kukawa na misukosuko mikubwa, akasoma dua yake, kisha kukawa kiza, wakamwambia ashuke. Maombi yao anayo bado, hakuyafikisha, wamwie radhi. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa natamani mmoja acheke.

Jirani wa mbuzi akamimina kahawa, akasema bila ya ubaya wowote, kama mtu anayekwambia umesahau chumvi, "Kuna mtu hukumtaka radhi."

Bibi akajibu, "Yuko."

Mimi nikaenda msalani, na huko, kwa sababu mtu mjinga haachi kazi yake nusu, nikaituma ile video kwenye kundi la darasa letu. Waliocheka walicheka mpaka jioni.

Alasiri wageni walipoondoka, bibi akaingia chumbani kwake akatoka na foronya, mto ameuacha kitandani. Ni foronya ya samawati iliyopauka, ina mistari iliyosimama ya mikunjo. Nimeilalia utotoni, nimeidondoshea udenda miaka, sikuwahi kujiuliza kwa nini foronya iwe na mikunjo. Mama alikuwa ua wa nyuma na ungo wa mchele. Bibi akapapasa ukuta mpaka alipo, akakaa mbele yake kwenye kibao.

"Mwanangu, nataka radhi ya sketi."

Mkono wa mama ulisimama juu ya ungo.

Niliyasikia yote hapo, nimesimama mlangoni. Mama alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani, babu alipougua. Ilibidi mmoja abaki nyumbani kumuuguza. Mjomba akaendelea na shule, mama akabaki. Na siku mama alipoivaa sare yake alfajiri, akataka kutoka kimya kimya, bibi alimvua, akachukua mkasi, akaikata sketi asubuhi ile ile, akashona foronya, ili mtoto asiwe na cha kuvaa wala cha kutumainia. Babu alikufa baada ya mwaka. Shule ilikuwa haina tena nafasi, au haikuulizwa. Na foronya ikabaki kitandani miaka yote, watu wakaitandika, wakaifua, wakaianika.

Basi nikakumbuka ripoti yangu chini ya godoro, na kule kutazama.

Bibi alikuwa anageuza kichwa polepole, juu, chini, akimsoma mama uso. Kisha mama akasema, "Naunguza chakula," akainuka akaingia jikoni. Jikoni hakukuwa na moto.

Jumatatu shuleni mwenzangu wa dawati, mtoto wa watu waliohamia hapa kutoka bara, Mkristo, akaitoa video ile wakati wa mapumziko. Yeye alikuwa na visikizi. Akaniuliza kwa kutaka kujua tu, "Hapo shosho anasema nini? Si Kiswahili."

Nikavitia masikioni. Chini ya muziki, chini ya kicheko changu mwenyewe, ambacho kiko karibu sana na kina sauti mbaya, bibi alikuwa anasoma dua ya kupandia chombo. Anaimaliza, anaianza. Kila treni inapoporomoka anaivuta kidogo tu, kama mtu aliyeruka shimo, halafu anaendelea. Ikabidi nimfasirie mwenzangu. Nilipofika kwenye maneno ya kwamba kwa Mola wetu ndiko tutakakorejea, akazima simu, akasema, "Kwani alidhani anaenda wapi?" Nikaifuta yangu. Za watu wengine ishirini na tisa sijui.

Nilikwenda kwa kijana nikitaka nimrudishe bibi hata siku hiyo hiyo. Chumba kilikuwa na kufuli. Nikampigia. Alikuwa ameipeleka miwani Kilifi, amepata mahali upande wa Kibarani, watoto wa kule hawajaiona, atarudi baada ya likizo. Nikamwambia bibi, twende Kilifi, si mbali. Akasema hapana.

"Bado sina ruhusa," alisema.

Kilifi hakuitaka. Alikuwa anamngoja mama. Kila asubuhi kwenye chai alikuwa anamwelekea, anageuza kichwa kama nilivyomfundisha kwenye kabati: kipaji, jicho, jicho la pili, mdomo. Anaangalia kama kuna kilichobadilika. Mama alikuwa anamimina chai, anamtilia matone, anamsuka nywele, kila kitu cha binti mwema anafanya, ila neno moja. Sikumlaumu. Mimi neno langu pia nilikuwa nalo mdomoni wiki zote hizo, na nilikula nalo na kulala nalo. Kwa watu tulikuwa nyumba ya amani. Hata vichekesho nilikuwa natoa, vibaya.

Siku moja saa tatu asubuhi, jua limejaa ua mzima, bibi akauliza mbona leo hatujafungua madirisha.

Mama alimpeleka hospitali, wakarudi jioni, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Bibi akakaa kitandani. Mama alivua buibui, akakaa chini, miguuni kwake. Akasema, "Mama, nimekuwia radhi. Ya sketi na yote yaliyofuata."

Bibi akauliza, "Unaniambia kwa uso gani?"

Mama akaichukua mikono yake akaiweka juu ya uso wake. Vidole vikaanza juu, vikashuka, vikarudi, vikasogea. Kwa mpango ule ule wa kabati. Mama akasema, nisamehe mama, nimechelewa. Bibi akasema, "Umechelewa, lakini umefika." Mimi nilitoka nikaenda kukaa nje kwenye baraza, na yule jirani wa mbuzi akanipigia kelele kutoka kwake kwamba nimekaa kama mtu aliyeachwa. Nikamwambia ndiyo, nimeachwa.

Likizo ikaisha, miwani ikarudi. Kijana aliponiona akasema nimlete shosho, siku hiyo hamtozi kitu, lile jambo la betri linamkaa rohoni. Linamkaa yeye. Nikaenda nikamwambia bibi ujumbe wake, maana sikujua la kufanya na ujumbe ule.

"Kwa macho yapi, mume wangu?" akasema, akacheka, kicheko chake chenyewe cha tumboni. Kisha akaniambia nimwambie kijana wa watu asijisumbue, ruhusa imekuja, ila chombo kimeondoka.

Kesho yake nikaingia mimi. Nilikuwa sijawahi kuibonyeza Makka hata mara moja, kwa papa nimekwenda mara arobaini. Ni dakika chache. Watu wanazunguka, wengi, karibu sana, na pale mbele Nyumba imesimama na kitambaa chake cheusi. Unaweza kugeuza kichwa ukaiona kipande kwa kipande. Mtu mwenye tundu la ufunguo angeimaliza yote na muda ukabaki. Nikatazama chini, sikuwa na miguu.

Nilipotoka nikaenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa ua wa nyuma, na ile foronya ipo mapajani, anafumua mshono wake kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Ilikuwa imeshaanza kurudi kuwa sketi upande mmoja. Hakuinua kichwa. Akasema, kama anayeendeleza mazungumzo na mtu mwingine, kwamba yeye ndiye aliyemrudisha mama yake njiani. Kwamba lau angetamka siku ile ile, ningempeleka Kilifi, angeiona.

Nikamweleza. Orodha ya mlangoni, rimoti, treni, rubani anatafuta njia, betri, video, kundi la darasa. Sikuruka kitu. Nilijisogeza karibu ili mkono wake usipate taabu kunifikia. Wembe ulisimama, ukakaa, ukaendelea. Uzi mwingine ukatoka. Nikamwambia nakwenda kwa bibi sasa hivi, nikamwambie ni mimi, nikamtake radhi, naye akipenda anilaani. Nikainuka.

Mama akanishika pindo la suruali, na bado hakunitazama.

"Usimwambie," akasema. "Amekwisha kujua ni mimi, na amekwisha kunisamehe. Hana nguvu za kuanza upya."